Bibi Opal na Mbwa Aliyeshiba

Ukitaka kujua mwigizaji ameifanya kazi hii muda gani, usimwulize miaka. Mtazame anavyokula mbele ya kamera. Mgeni atauma kweli. Atakata pande la nyama, atalitia mdomoni, atafune, ameze, na ajione amefanya jambo la maana. Mkongwe atachezea uma, atasogeza viazi kutoka upande huu wa sahani hadi upande ule, atainua kipande mpaka karibu na midomo, kisha atakumbuka kwamba ana neno la kusema na kukirudisha. Ukiitazama picha nyumbani kwako utaapa kwamba yule mama alikula akashiba. Wapi! Hajagusa kitu.

Sababu ni hii. Sini moja, yaani onyesho moja, hupigwa mara nyingi. Kwanza kamera hukaa mbali ionyeshe meza nzima na wote walioizunguka, halafu husogezwa karibu, mtu mmoja mmoja, uso mmoja mmoja, siku nzima. Na jambo ulilolifanya kamera ikiwa mbali utalifanya vilevile kila mara, kwa mkono uleule na katika neno lilelile, la sivyo vipande vya picha havishikani. Ukiuma mkate asubuhi umejifunga mwenyewe, utauuma mkate huo hadi watu waende nyumbani. Ndiyo maana chini ya kila meza ya chakula katika studio za Burbank kuna ndoo. Mwongozaji akisema "Kata!", watu huinama wakatema.

Willa Parrish aliijua ndoo hiyo kuliko alivyowajua majirani zake. Nivumilieni nikianzia mbali kidogo, maana mwanamke huyu hakuzaliwa akiwa bibi kizee, ingawa kuna mamilioni ya watu wanaoamini hivyo.

Alizaliwa Ludmila Prochazka, Nebraska, katika shamba la mahindi. Wazazi wake walikuwa Wacheki, na mama yake alikuwa mtu wa usafi wa kupindukia, wa kuosha hata mayai kabla ya kuyachemsha. Mezani mama huyo alikuwa na tabia moja. Akimaliza kula hufuta midomo, huikunja leso yake pembe tatu, huiweka kushoto mwa sahani na kuibonyeza kidogo kwa vidole viwili. Mchana mmoja, Ludmila akiwa msichana wa shule, mama alikunja leso, akaibonyeza, kisha akaegemeza kichwa juu ya mkono wake palepale mezani. Baba akasema, "Mwacheni apumzike, amefua tangu alfajiri." Wakaendelea kunywa kahawa na kuzungumza habari za trekta, taratibu, wasimwamshe. Kahawa ilipoisha ndipo walipojua kwamba hapumziki.

Nawaomba mshike hiyo leso. Nitairudia.

Alifika California kwa gari la mjomba wake, akaajiriwa kwa daktari wa meno huko Glendale, na jioni akawa anasoma uigizaji. Wakala wake wa kwanza, Murray Platt, alikuwa mzee anayetafuna biri bila kuiwasha. "Prochazka?" akasema. "Hilo si jina, hilo ni chafya. Kuanzia leo wewe ni Willa Parrish." Kisha akatema kipande cha biri ndani ya kikombe cha kahawa. Willa alikuwa akitusimulia habari hiyo sisi wa idara ya mavazi huku amekunja pua, na kilichomuuma hakikuwa jina lililopotea.

"Alikinywa," alikuwa akisema. "Jamani, baadaye alikinywa kikombe kile!"

Alianza kwa kuwa nesi. Akawa nesi tena, akawa karani, akawa mke wa marehemu. Katika filamu moja ya wachunga ng'ombe alikuwa mke wa mwenye hoteli, na palikuwa na mbwa mwekundu aliyetakiwa kuruka dirishani amwokoe mtu. Mbwa alikuwa amekonda. Willa akamwonea huruma, akamlisha soseji zake zote za asubuhi nyuma ya gari. Kamera zilipowashwa mbwa alizunguka mara moja, akajilaza chini ya dirisha na kusinzia. Hapakuwa na wa kumwamsha. Mwenye mbwa alipojua, alimjia Willa mbele ya watu wote.

"Nani kakwambia umlishe? Mbwa wa kazi halishwi na mtu mwingine! Huyu anafanya kazi kwa sababu ana njaa. Kama wewe!"

Walimfukuza kabla ya chakula cha mchana. Na neno lile, "kama wewe", alikaa nalo.

Lilimrudia siku produsa mmoja alipomwita hotelini wasome hati ya filamu pamoja, akamfungulia mlango akiwa na taulo tu, akaketi kwenye kochi na kunyoosha miguu. Alitaka apakwe mafuta kwanza. Willa aliziangalia zile kucha, za manjano, zimejikunja kama maganda ya viazi, akageuka na kushuka ngazi badala ya kungojea lifti. Nafasi akapewa mwingine. Yule mwingine alikuja kupata jina kubwa, na Willa hakumwonea kijicho hata siku moja. Kila akimwona kwenye bango alikuwa akiitazama mikono ya mwenzake huyo.

Miaka arobaini ilipompita kidogo, walimpa kuwa mama wa mwanamume aliyemzidi yeye mwenyewe umri. Baada ya hapo akawa hakimu, mama wa marehemu, jirani aliyesikia risasi. Halafu akawa marehemu mwenyewe, maana michezo ya polisi inahitaji maiti kila wiki. Alikuwa amelala juu ya meza ya chuma, amefunikwa shuka hadi kifuani, fundi mmoja wa taa alipopanda ngazi karibu naye na kuweka mkate wake juu ya muundi wa Willa ili apate mikono miwili. Alidhani ni mwanasesere.

Willa akafumbua jicho moja. "Kaka, hiyo ni haradali?"

Yule fundi alianguka na ngazi yake. Jina lake Lyle Tavares. Walioana mwaka uliofuata, na Lyle mpaka leo akiulizwa walikutanaje hujibu, "Nilimkuta amekufa."

Basi ndivyo alivyoishi, kazi ndogondogo, uso ambao watu huutazama dukani wakasema, "Wewe nakujua, ulikuwa unafundisha shule yetu?" Angemaliza hivyo kwa amani. Lakini alipokaribia sabini ukaja mchezo wa televisheni uitwao *Akina Tuttle*, wa kuchekesha, na yeye akawa Bibi Opal.

Katika kipindi cha kwanza Bibi Opal hakuwa na kazi kubwa. Kofta ilidondoka sakafuni, Bibi Opal akainama, akaiokota na kuila. Basi. Nchi nzima ikaangua kicheko. Mkuu wa mchezo, kijana mmoja aitwaye Brody Haskell, mwandishi na mwongozaji kwa pamoja, meno meupe, viatu vyeupe, alijua amechimba kisima na maji yametoka. Kuanzia wiki ile Bibi Opal alikula kila kitu. Alikula mabaki ya mtoto mchanga. Alikunywa maji ya chombo cha maua, maua yakiwamo. Alikula pudingi ambayo paka ameipitia kwa miguu. Alitoa meno yake ya bandia ndani ya bilauri ya bia, akayavaa, kisha akainywa bia.

Mtasema vile si vitu vya kweli. Ni kweli, vilitengenezwa jikoni kwa ndizi zilizopondwa, unga wa mahindi na rangi. Lakini ulimi hausomi hati. Ndizi iliyokaa chini ya taa tangu asubuhi, imepakwa rangi ya kijivu na kuwekewa nywele tatu za paka juu yake, ukiambiwa uilambe tena, na tena, kwa sababu ndege imepita na sauti imeharibika, mwili hauulizi ni ndizi au ni nini. Mwili unakataa. Willa alikuwa akiinamia ndoo yake, anatema, anafuta midomo, anaikunja leso pembe tatu na kurudi mahali pake bila kunung'unika. Aliheshimu kazi. Sisi ndio tuliogeuza nyuso.

Na nje ya studio mambo yalikuwa mabaya zaidi, maana huko hakuna wa kusema "Kata!" Siku moja katika duka kubwa la Van Nuys, mwanamume mzima, mwenye tai, alimfuata kwenye foleni. Akatoa ubani wa kutafuna mdomoni mwake, ukiwa bado unang'aa, akamnyooshea kwa vidole.

"Bibi Opal! Kula, Bibi! Kula, mke wangu anapiga picha!"

"Mimi si bibi yako," Willa akasema.

"Ha! Kama kwenye televisheni! Fungua mdomo, Bibi, mara moja tu!"

Watu wa kwenye foleni walikuwa wanacheka. Mwenye mashine ya kupokea pesa alikuwa anacheka. Willa akaliacha kapu lake pale chini na kutoka. Alipofika kwenye gari alitapika kando ya gurudumu, mtu mmoja akampiga picha, na picha hiyo nayo ikazunguka, na wenye kuiona wakacheka.

Miaka ikaenda hivyo. Nyumbani alibaki kula yai la kuchemsha, mkate mkavu na pea iliyomenywa. Lyle akipika nyama ya kuoka ya Jumapili, Willa alihamia kibarazani mpaka harufu ya mchuzi itoke. Mwanamke huyu amelelewa na nyama ya nguruwe na kabichi chachu, na sasa hakuweza kukaa meza moja na mumewe!

Ndipo ikaja habari kwamba *Akina Tuttle* unafungwa, na kwamba katika kipindi cha mwisho Bibi Opal atakufa. Willa alifurahi. Alikwisha kuamua kwamba hii ndiyo kazi yake ya mwisho, hataki tena kamera, na alitaka jambo moja tu: baada ya miaka hamsini na zaidi, uso wake wa mwisho uwe safi. Halafu akaletewa hati, akaisoma jikoni, akaiweka chini ya kikombe kana kwamba itaruka.

"Nini?" Lyle akauliza.

"Ninakufa mezani."

Lyle alikaa. Habari za mama yake Willa alizijua.

"Familia iko mezani, inagombania nyumba yangu," Willa akaendelea. "Mimi nakufa katikati ya ugomvi, uso ndani ya sahani ya mchuzi. Hakuna anayeona. Mbwa anapanda kitini na kunilamba uso. Ananilamba mdomo, Lyle. Imeandikwa hapa, 'ulimi unaingia puani'. Na wao wanaendelea kugombana."

"Mwambie hapana."

"Nitamwomba."

Alikwenda. Ofisi ya Brody ilikuwa na mashine ya bisi na kiti chenye umbo la mkono. Kijana alimkaribisha vizuri mno, akamshika mabega, akamwita Bibi yangu, kipenzi changu.

"Nina ombi moja," Willa akasema. "Mwacheni afe amekula kama mtu. Mara moja. Afute midomo, aweke kichwa, basi. Nitakufanyia vizuri, unajua nitafanya vizuri."

"Aisee, hiyo nzuri sana. Imenigusa." Brody akaweka mkono kifuani. "Kweli imenigusa, Bibi yangu. Tena tunaweza kuipata hiyo *na* mbwa."

"Bila mbwa."

"Bila mbwa inachekesha wapi?"

"Haichekeshi. Mtu amekufa."

"Basi, ndiyo maana tuna mbwa!" akasema Brody, kwa upole wa mtu anayemweleza mtoto. "Sikiliza. Watu wanakupenda kwa sababu huna kinyaa. Wewe ni shujaa wao. Ukiwaletea leso na machozi watasema tumewaibia."

Huna kinyaa. Willa alitoka na maneno hayo. Njia nzima ya kurudi, gari likijivuta kwenye barabara kuu, aliwaza kwamba angeweza kuvunja mkataba, lakini basi wangempaka mchuzi mwanamke mwingine wa umri wake, mwenye mgongo unaofanana na wake, na Bibi Opal angekufa vilevile akiwa na uso wa Willa. Halafu, alipokuwa anaingia mtaani kwao, akamkumbuka mbwa mwekundu wa filamu ya kale. Akacheka peke yake ndani ya gari.

Siku ya sini ile meza iliandaliwa kwa nyama ya kuoka, viazi vya kuponda na bakuli la mchuzi wa kahawia, mzito, wenye utando juu. Mbwa wa mchezo aliitwa Gus, jibwa la masikio marefu. Mwenye kumfundisha alikuwa Yolanda Ibarra, mwanamke mfupi mwenye mfuko wa maini kiunoni. Mtu wa tatu wa kumjua ni Fern Okada, ambaye kazi yake ilikuwa ile ya kukumbuka: kila mkono, kila tonge, kila kifungo, ili kamera ikisogezwa kila kitu kiwe kama mwanzo. Brody mwenyewe alimwogopa Fern.

Shoti ya kwanza, kamera ikiwa mbali, meza nzima. "Anza!" Familia ikaanza kugombana. Willa akakata pande la nyama, akalisogeza mdomoni, akabadili nia, na kulipeleka pembeni ya kiti, polepole, wazi kabisa mbele ya kamera. Gus akalichukua. Watoto walipotaja bei ya nyumba akampa la pili. Walipotaja dari linalovuja akampa la tatu, na walipotaja wakili, viazi.

"Kata!" Brody alikuwa anacheka mpaka amejishika mbavu. "Wanamgombania, yeye analisha mbwa! Hiyo imetoka wapi, Bibi?"

"Imenijia tu."

Yolanda alikuwa amefika mezani, uso mwekundu. "Bi Willa! Wewe, mtu mzima katika kazi hii! Unamlisha mbwa wangu?"

"Ni kosa langu, dada. Nitaacha."

"Haachi mtu!" Brody akasema. "Ni dhahabu hiyo. Inabaki."

"Bwana Haskell, mbwa akishiba hafanyi kazi. Kulamba mmeweka mwisho kabisa."

"Yolanda, umewahi kuona mbwa aliyekataa nyama? Mbwa hashibi. Fern, umeipata?"

"Mapande matatu na viazi," Fern akasema bila kuinua macho. "Mkono wa kulia. La kwanza mwanzoni, halafu bei, dari, na viazi kwenye neno 'wakili'."

Hapo ndipo kufuli lilipofungwa, na aliyelifunga ni Brody mwenyewe, kwa mkono wake. Kulamba kuliwekwa mwisho kwa sababu mchuzi huharibu uso uliopakwa poda. Kila kamera ilipohamishwa, Willa alilisha upya: mwanzoni, kwenye bei, kwenye dari, kwenye wakili. Walipopiga uso wa mwana wa kwanza, Gus alikula. Walipopiga uso wa binti, Gus alikula. Yule aliyecheza mwana wa kwanza, Kip, alikuwa ameuma nyama ya kweli asubuhi kwa ugeni wake, maana aliletwa kwa kipindi hiki tu, na sasa alikuwa wa rangi ya chokaa, anainama kwenye ndoo kila baada ya shoti. Ndoo ilianza kunuka. Mchuzi ulikuwa umeganda, ukapashwa moto, ukaganda tena. Alasiri Gus alikuwa anatafuna taratibu, kwa adabu tu, kama mgeni anayeona haya kukataa.

"Labda asilishe hapa," Brody akasema, tumbo la mbwa lilipoanza kuonekana.

"Amelisha katika zote," Fern akajibu. "Ukimwondoa hapa hazishikani. Unataka turudi kwenye meza nzima?"

Brody akatazama taa, akatazama watu wake. "Mlishe," akasema.

Hatimaye ikafika. Willa alikaa, na mtu wa vipodozi akampaka. Chini mchuzi, na juu yake maini ya kusaga kutoka mfuko wa Yolanda, ili mbwa avutike. Yalikuwa na joto la mwili. Yalinuka chuma kilicholowa. Yakateremka shavuni, yakaingia sikioni, tonge moja likaning'inia kwenye nyusi. Willa alipumua kwa mdomo, na hata mdomo ukawa na ladha yake.

"Puani zaidi," Brody akasema kutoka nyuma ya kamera. "Jaza tundu lile la kushoto."

"Anza!"

Uso ukaingia sahanini. Familia ikagombana. Gus akapanda kitini kama alivyofundishwa, akamnusa Willa shavuni, akageuza kichwa pembeni na kucheua. Kisha akashuka, akazunguka mahali pamoja, akajitupa juu ya miguu ya Willa.

"Tena!"

Mara ya pili hakupanda kiti. Wakaongeza mafuta ya bekoni. Wakaongeza jibini. Yolanda akaita, akapiga kidude chake cha kumwamrisha mbwa, akaomba. Gus alimtazama kwa macho mekundu ya huruma, hakunyanyuka.

"Niliwaambia," Yolanda akasema. "Niliwaambia asubuhi."

"Mlete yule mbwa wa akiba, pacha wake!" Brody akasema.

"Pacha ameng'oka ukucha. Yuko kwa daktari."

Brody akataja kumchora mbwa kwa kompyuta, mtu wa fedha akatikisa kichwa. Brody akajaribu kumsukuma Gus kwa mikono yake, na Gus akafumba macho. Watu walikuwa wameanza kucheka chinichini, kwa mara ya kwanza siku ile, na hawakumcheka Willa.

Sauti ikatoka mezani. "Nifuteni uso." Maini yalikuwa yanamtiririka kidevuni, lakini sauti ilikuwa ya yule hakimu wa zamani. "Nifuteni, mpige hicho anachokifanya mbwa. Ama mfunge taa twende nyumbani. Mimi mbwa huyu simpandishi."

Brody alimtazama. Nadhani ndipo alipojua, maana alimtazama Gus, akatazama sahani ya nyama iliyobaki mifupa, akamtazama tena Willa.

"Mfuteni," akasema.

Walimwosha kwa maji ya moto, wakampaka poda upya. Kamera ikaanza. Familia ikagombania nyumba. Bibi Opal akafuta midomo. Akaikunja leso pembe tatu, akaiweka kushoto mwa sahani na kuibonyeza kwa vidole viwili. Akaegemeza kichwa juu ya mkono wake. Chini ya meza Gus akavuta pumzi ndefu ya shibe. Waigizaji wakaendelea kupiga kelele za wakili na dari mpaka Kip akamwona, akasahau maneno yake, akanyamaza, na wengine wakanyamaza.

"Kata," Brody akasema. Kisha akasema, "Haichekeshi."

"Ndiyo," Willa akasema, akiinua kichwa.

Desturi ni desturi. Mwigizaji akimaliza shoti yake ya mwisho jina lake hupigiwa kelele na kazi zote husimama. "Hiyo ndiyo ya mwisho kwa Willa Parrish!" Mafundi wakashuka ngazi, wakapiga makofi mpaka vumbi likatoka kwenye mapazia. Brody naye akaja, mikono imefunguliwa, machozi yako tayari, kwa sababu mtu mmoja alikuwa anapiga picha za kumbukumbu.

"Bibi yangu," akasema.

Willa akainama chini ya meza, akainua ndoo ya siku nzima, akampa. Brody akaipokea, kama mtu anavyopokea kitu anachopewa, na mikono yake ikawa haina nafasi.

"Ahsante, Brody," Willa akasema, akampita.

Ningependa kuishia hapa, na najua hata ninyi mngependa. Lakini picha hutoka studio bila vicheko, vicheko hutiwa baadaye, na vya *Akina Tuttle* vilikuwa vya mashine tangu kipindi cha kwanza.

Kipindi cha mwisho kilipoonyeshwa, Willa na Lyle walikuwa sebuleni kwao Van Nuys, Lyle na sahani ya nyama magotini, Willa kwenye kiti cha dirishani, dirisha wazi kwa ajili ya harufu. Sini ikaja. Bibi Opal akafuta midomo, watu wakacheka. Akachukua leso, wakacheka. Akaanza kuikunja, na kwenye ile pembe tatu, kwenye vile vidole viwili, mtu fulani katika chumba fulani alikuwa ameachia kicheko kikubwa kuliko vyote, chenye miluzi ndani yake.

Lyle akawa anatafuta rimoti chini ya mito, anatukana. Willa akainuka, akaifikia televisheni yenyewe, akaizima sauti kwa kidole.

Sasa ilikuwa picha tu. Mwanamke mzee, uso safi, kichwa juu ya mkono. Masikio ya mbwa yanaonekana chini ya kitambaa cha meza.

"Angalia hapo," Willa akasema. Hakurudi kwenye kiti cha dirishani. Aliketi kwenye kochi, karibu na Lyle, macho yake kwenye kioo, na mkono wake, bila yeye kuutazama, ukachukua kipande cha nyama kutoka sahani ya mumewe. Akakitia mdomoni. Akatafuna. Halafu akageuka kushoto, akageuka kulia, akatazama chini ya meza ya kahawa.

"Unatafuta nini?" Lyle akauliza.

"Ndoo," Willa akasema, mdomo umejaa.

"Hakuna ndoo, mke wangu."

Alikaa nacho kidogo mdomoni, akifikiri. Akameza.